Jina la Kiswahili lisibaki jina tu

Wafanyabiashara wa Bujumbura wanajua bei ya jumla na ya rejareja. Wachache wanajua kwamba neno "jumla" limezaa Joomla, programu huria ya kuendeshea tovuti iliyoanzishwa mwaka 2005. Jina lilichaguliwa kwa maana ya "wote pamoja".

Umoja huo huonekana kabla ya kila toleo jipya. Kwanza hutolewa toleo la majaribio. Watu wa kujitolea hulitumia na kuripoti kasoro. Zikisharekebishwa, ndipo hutangazwa toleo imara. La 5 lilitoka Oktoba 2023, la 6 Oktoba 2025. Yeyote anaweza kushiriki, bila ada.

Vijana wa kompyuta wa Buyenzi na Bwiza wanahitajika hapo. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na wengi wanaopitisha mizigo Kobero au Gatumba husoma Kiswahili, kwa simu ya bei nafuu na intaneti ya kusuasua. Anayejaribu programu akiwa Ulaya huenda asikutane na hali hiyo. Kasoro ikipita, hasara humfikia mchuuzi: fomu isiyofunguka, tafsiri inayopotosha, siku nzima mpakani.

Mnunuzi wa jumla hukagua gunia kabla ya kulipa. Vyama vya wafanyabiashara vinavyotaka tovuti za bei na ushuru navyo viwalipe vijana hao siku chache za majaribio kila toleo linapokaribia. Gharama hiyo ni ndogo kuliko lori kulala Kobero.