Ripoti ya Ajali ya Ndege Si Siri ya Serikali



Miaka kadhaa iliyopita alikuja afisini mwetu mama mmoja, mjane, akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua nne, zote zikisema jambo lile lile: kwamba uchunguzi wa ajali iliyomuua mumewe ulikuwa ungali ukiendelea, na kwamba angejulishwa utakapokamilika. Mumewe alikuwa amepanda ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka nchi moja kwenda nyingine. Mama huyu, kwa kuwa ni mtu wa subira na mwenye kuheshimu wakubwa, alingoja. Tulipozitazama tarehe za barua zile tulinyamaza kwa muda, maana ilikuwa imekwisha kupita miaka miwili na miezi mitano.

Mikataba inayosimamia safari za kimataifa za ndege, ule wa zamani wa Warsaw na ule wa Montreal wa mwaka 1999, humpa mfiwa miaka miwili tu ya kufungua mashtaka ya kudai fidia. Ikipita, haki yake imezimika. Na lililotuuma zaidi ni kwamba mama huyu hakuwa na haja ya kuingojea ripoti hata kidogo. Chini ya Mkataba wa Montreal, hadi kiwango kilichowekwa, mwenye ndege hawezi kukwepa kulipa kwa kusema kwamba hakukosea. Waliomwandikia hawakusema uongo. Uchunguzi ulikuwa ukiendelea kweli. Walichokiacha ni kumwambia kwamba siku zake zilikuwa zikihesabiwa.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu limetufunza kwamba ukosefu wa habari za kuaminika kuhusu ajali za ndege si tatizo la wataalamu wa anga peke yao. Humfikia mwananchi nyumbani kwake, na humnyang'anya haki akiwa ameketi akingoja kwa adabu.

Tuchukue msiba ambao wengi wetu tunaukumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei mwaka 2007, ndege ya Kenya Airways nambari 507 iliondoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi, ikiwa na watu 114. Haikufika. Habari za kwanza zilisema imeanguka karibu na Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka uwanjani, na watafutaji wakapelekwa msituni huko. Familia zilikesha zikingoja habari za mji ule. Kumbe mabaki yalikuwa katika kinamasi cha mikoko, kilomita 5 na nusu hivi kutoka mwisho wa njia ya kurukia, na yalipatikana baada ya saa zaidi ya 40. Ikiwa hata mahali ndege ilipoanguka pangeweza kutangazwa kimakosa namna hiyo, itakuwaje kuhusu sababu ya kuanguka kwake? Usiku ule kulikuwa na dhoruba, na wengi wetu tuliridhika kuamini kwamba ni mvua na radi tu. Ripoti ya wachunguzi wa Kameruni, iliyotolewa mwaka 2010, ilisema jambo jingine: marubani walipoteza udhibiti wa ndege gizani bila kutambua kwamba ilikuwa ikilalia upande wa kulia, huku mtambo wa kuiendesha wenyewe ukiwa haujashika kazi, na ushirikiano kati ya wawili hao ukiwa umepungua. Hayo hayakuweza kujulikana kwa kutazama mawingu.

Lakini ripoti nayo ina mipaka yake. Sheria ya msingi hapa ni Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, nacho kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Kwa hiyo ripoti si hukumu. Anayetaka hukumu na aende mahakamani, na asikubali kuambiwa kwamba mlango wa mahakama utafunguliwa na mchunguzi. Kiambatisho hicho hicho huagiza ripoti ya awali ipelekwe kwa nchi zinazohusika ndani ya siku 30, na ripoti ya mwisho itangazwe kwa umma, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Isipowezekana, serikali inayochunguza inatakiwa kutoa taarifa ya hadharani kila mwaka siku ile ya ajali inapotimia. Tunawaomba wasomaji waishike sana kanuni hiyo ya mwisho. "Uchunguzi ungali unaendelea" si jibu linaloweza kudumu miaka mitano bila maelezo.

Wala tusiwe wepesi wa kuwahukumu marubani, ambao mara nyingi wamekufa na hawawezi kujitetea. Ndege ya Ethiopia iliyoanguka tarehe 10 Machi mwaka 2019 ikija Nairobi iliua watu 157, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Wapo watu wa mbali waliosema upesi kwamba rubani wa Kiafrika hakujua kazi yake. Baadaye ulimwengu ukajua kwamba ndani ya ndege hiyo, aina ya Boeing 737 MAX, kulikuwa na mtambo uliokuwa ukiisukuma pua chini tena na tena kwa kutegemea kipimo kimoja kilichokuwa kikitoa habari za uongo. Na mtambo huo huo ulikuwa umehusika katika ajali ya Indonesia mwezi Oktoba mwaka 2018, iliyoua watu 189. Ripoti ya mwisho ya Ethiopia ilipotoka Desemba mwaka 2022, wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa walitoa maoni yao kando, wakisema kwamba suala la marubani lilipaswa kuchunguzwa kwa kina zaidi. Msomaji mwangalifu atasoma pande zote. Tunaona afadhali kuwa na ripoti inayobishaniwa mchana kweupe kuliko kutokuwa na ripoti.

Sasa tufike pale ambapo sisi Wakenya tumeachwa uchi. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Chicago kinasema kwamba mkataba huo unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, za polisi na za forodha hazimo. Na je, viongozi wetu wamekufa katika ndege za nani? Tarehe 10 Aprili mwaka 2006 ilianguka Marsabit ndege ya jeshi iliyokuwa ikiwapeleka watu katika kazi ya upatanisho. Walikufa 14, wakiwemo wabunge Bonaya Godana na Mirugi Kariuki, na Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana. Tarehe 10 Juni mwaka 2012, helikopta ya polisi iliwaua Profesa George Saitoti, Orwa Ojodeh na wenzao wanne huko Ngong. Tarehe 18 Aprili mwaka 2024, helikopta ya jeshi ilimuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine tisa.

Katika mkasa wa Ngong iliundwa tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, na mashahidi wakasikilizwa hadharani. Katika mkasa wa Jenerali Ogolla uchunguzi ulikabidhiwa Jeshi la Anga lenyewe. Hatudai kwamba maafisa hao si waaminifu. Tunachosema ni kwamba mtu hawezi kuwa mwenye ndege, mtunzaji wa ndege na mchunguzi wa ndege, kisha akashangaa raia wakinong'ona. Hii ni nchi ambayo mwaka 1990 ilidokezewa kwamba Dkt. Robert Ouko huenda alijiua mwenyewe, kabla ya mpelelezi kutoka Uingereza kusema kwamba aliuawa. Uvumi wa wananchi wetu haukuzaliwa na ujinga, ulifundishwa. Bunge lapaswa kutunga sheria kwamba raia au kiongozi wa umma akifa ndani ya ndege ya serikali, uchunguzi uwe chini ya watu wasio wa idara inayoimiliki, na matokeo yachapishwe. Siri za silaha zaweza kufutwa kwa wino mweusi. Sababu ya injini kuzimika si siri ya silaha.

Hadi hapo, mlango uliopo tuutumie. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliyofuata inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, halitozwi ada ya kuliwasilisha, na jibu latakiwa ndani ya siku 21. Kwa ndege za kiraia zilizoanguka hapa nchini, barua ipelekwe kwa idara ya uchunguzi wa ajali za ndege katika wizara ya uchukuzi. Itaje tarehe ya ajali, mahali na nambari ya usajili wa ndege, na iombe ripoti ya awali, ripoti ya mwisho, na taarifa za kila mwaka ikiwa ya mwisho haijatoka. Msiombe kanda za sauti za marubani. Hizo hulindwa kwa sababu nzuri, na kuziomba kutawapa kisingizio cha kukataa yote. Mkikataliwa, mna siku 30 za kupeleka lalamiko kwa afisi ya Ombudsman. Nakala moja ya kila barua ibaki katika afisi ya parokia. Na yeyote aliyefiwa katika safari ya kimataifa amwone wakili mwezi huu huu, akichukua tiketi, cheti cha kifo, na tarehe ya ajali iliyoandikwa kwa herufi kubwa.