Kutu Inafunikwa, Fundi Analaumiwa



Ukipita Buyenzi hapa Bujumbura asubuhi, kabla jua halijawa kali, utasikia nyundo zikigonga bati kutoka barabara moja hadi nyingine. Mafundi wa bodi wamepanga magari pembeni, mengine hayana milango, mengine yamekwanguliwa rangi mpaka chuma kinang'aa. Wengi wa mafundi hao hawana mkataba wa maandishi. Hulipwa kwa gari lililokwisha, na sisi wa chama huwakumbuka siku ya Mei Mosi tu, tunapotafuta watu wa kujaza maandamano. Leo nataka kusema juu ya jambo moja linalowapata. Wengi huliona kuwa ni jambo la ufundi. Mimi naliona ni la haki.

Jambo lenyewe ni kutu, na yale malengelenge yanayotokea kwenye rangi ya gari lililokwisha kutumika.

Magari tunayoyaona mitaani kwetu, mengi yametumika kwanza Japani, yakapitia bandari ya Dar es Salaam, ndipo yakaingia kwa mpaka wa Kobero. Huko Japani gari dogo hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, halafu kila miaka 2, na gharama yake si ndogo. Kwa hiyo wenyewe huyauza yakiwa bado yanatembea vizuri. Hilo kwetu ni faida. Lakini upande wa kaskazini, kama kisiwa cha Hokkaido, theluji huanguka kwa wingi na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari la huko hutembea katika maji ya chumvi miezi kadhaa kila mwaka. Maji hayo hujificha ndani ya ule mhimili ulio chini ya milango, kwenye madigadi, na kwenye mikunjo ya bati ambako mkono haufiki. Chuma kikikutana na maji na hewa huota kutu, na chumvi ikiwapo kazi hiyo huenda mbio.

Nasi tusiwasingizie Wajapani kila kitu. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yakaingia katika nyumba za watu upande wa Gatumba na mitaa ya ufukweni, yapo magari yaliyosimama ndani ya maji na matope. Ziwa letu si la chumvi kama bahari, lakini matope huziba yale matundu madogo chini ya milango yaliyowekwa makusudi ili maji ya mvua yatoke. Tundu likiziba, mlango unakuwa ndoo.

Sasa rangi huvimba kwa sababu gani? Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Inapokua chini ya rangi haina pa kwenda, basi inaisukuma rangi juu. Ukiona lengelenge dogo kama ukucha, ujue chini yake mahali palipooza ni pakubwa zaidi, na mara nyingi kutu ilianzia ndani ikatoka nje. Lengelenge unaloliona ndilo la mwisho kufika.

Walakini si kila lengelenge ni kutu. Litoboe kwa ncha ya kisu. Ukikuta chuma kinang'aa chini yake, kosa ni la upakaji: bati lilikuwa na mafuta au unyevu, au kompresa haikumwagwa maji yake asubuhi, ikawa inarusha maji pamoja na rangi, au koti la pili lilipakwa kabla la kwanza halijakauka. Hapo fundi asijitetee, airudie kazi kwa gharama yake. Lakini ukikuta unga wa kahawia, hilo ni jambo jingine, na ndilo linaloniudhi.

Linaniudhi kwa sababu aliyeliingiza gari nchini aghalabu anajua. Magari mengi Japani huuzwa kwa mnada, na kila gari lina karatasi yenye mchoro wake na alama za ubovu. Herufi S ni kutu. Herufi C ni kutu iliyokwisha kula bati. Herufi W ni mahali palipowahi kutengenezwa. Karatasi hiyo hubaki mezani kwa tajiri. Gari huletwa kwa fundi nayo maagizo yake ni mafupi: ifanye ipendeze, Jumamosi mnunuzi anakuja.

Kazi halali ya kutu fundi anaijua. Ni kukwangua mpaka chuma safi kionekane pande zote, na palipotoboka kukata sehemu yote iliyooza na kuchomelea bati jipya. Kisha ni kupaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kuweka mastiki (wengine huiita pati) kwa wembamba tu ili kusawazisha, halafu rangi, na mwisho kupuliza nta au mafuta mazito ndani ya mhimili, maana kiraka nacho kitaoza kwa ndani kisipolindwa. Kwa gari lililoliwa vibaya ni kazi ya siku nne au tano. Tajiri analipa ya siku moja. Ya siku moja ni kupitisha msasa juu juu, kusokota karatasi au wavu ndani ya tundu, kujaza mastiki, kupaka rangi, basi. Na mastiki hunywa maji. Ikiwekwa juu ya kutu huhifadhi unyevu palepale, na masika moja haipiti kabla malengelenge hayajarudi.

Nilimfahamu kijana mmoja mpiga rangi aliyeifanya kazi ya namna hiyo mwaka 2023. Gari lilinunuliwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka kulifanya teksi jioni ili kuongezea mshahara. Miezi michache baadaye gurudumu lilipata pancha. Mwalimu akaweka jeki mahali pake chini ya mlango, akazungusha, na jeki ikapenya ndani ya mhimili kama kidole katika parachichi bivu. Ndani mlikuwa na mastiki na magazeti. Akaenda kwa tajiri aliyemwuzia. Tajiri akamjibu, "Mwalimu, mimi nauza magari, sipaki rangi. Mtafute aliyepaka."

Akamtafuta. Nilikuwapo siku aliyokuja, nimeitwa kusuluhisha. Mwalimu alisema, "Fundi, wewe ulijua. Mikono yako iliona." Kijana hakukana. Alisema tu, "Ni kweli mwalimu, lakini hela sikula mimi." Wakafikia kulipana kidogo kidogo, na kijana akauza kompresa yake. Tajiri hakutoa hata faranga moja. Watu wawili wa mshahara mdogo wakagawana hasara ya mtu wa tatu, na mimi, kiongozi wa chama, ndiye niliyeandika ile karatasi ya makubaliano. Sijivunii.

Tena mhimili ule si pambo. Katika magari madogo ya leo hakuna chesisi iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na mikanda ya usalama imefungwa karibu na hapo. Kuficha kutu kwenye boneti ni ulaghai wa pesa. Kuificha kwenye mhimili ni kucheza na roho za abiria.

Kisha kuna mapafu ya fundi. Rangi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kukaushia zina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kumletea mpuliziaji ugonjwa wa pumu. Mtu akishaupata, hata kipimo kidogo sana humrudishia kifua kubana. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii, na kile kifuniko cha karatasi hakizuii pia. Kinachofaa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Vumbi la rangi za zamani linaweza kuwa na risasi ndani yake. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiandika kazi ya upakaji rangi miongoni mwa zile zinazosababisha saratani, na mwaka 2017 likaamua vivyo hivyo juu ya moshi wa kuchomelea. Vijana wetu hunawa mikono kwa petroli jioni, ambayo ina benzini, halafu huenda kula.

Na msiseme hakuna sheria. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi, na kila nchi mwanachama inabanwa nazo hata kama haijatia sahihi mkataba unaohusika. Burundi ni mwanachama tangu 1963. Haki hizo hazikuandikwa kwa ajili ya wenye viwanda vya kuta nne peke yao.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokuwa napiga msasa nililitoa: "Nikikataa mimi, jirani atakubali, na watoto wangu watalala na njaa." Ni kweli kabisa. Fundi mmoja akikataa amejinyima chakula tu. Ndiyo sababu sipendi kusikia viongozi wenzangu wakiwahubiria mafundi uaminifu. Mtu hawezi kuwa mwaminifu peke yake kwa ujira wa siku moja. Wakikataa mafundi wa barabara nzima, tajiri atampelekea nani gari lake?

Pendekezo langu ni dogo. Tawi litoe kitabu cha risiti chenye nakala mbili. Fundi akipokea gari aandike alichokikuta: mahali gani pameoza, pametoboka au hapakutoboka, na mwenye gari ameamua nini. Tajiri akitaka pafunikwe, atie sahihi yake kwamba ndiye aliyetaka. Naamini wengi watasita kushika kalamu, na hapo mazungumzo ya bei ya siku nne yataanza. Kwa mhimili wa chini ya mlango nasema pasiwe na ruhusa ya kufunika hata kwa sahihi. Kadhalika tukubaliane bei ya chini ya kukata na kuchomelea, na sehemu ya bei hiyo iende kununua vinyago, vya kushirikiana kama havitoshi kwa kila mtu.

Nawe mwalimu, dereva, mwuguzi unayekwenda kununua gari: chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini, ipitishe juu ya magurudumu na chini ya milango. Mahali inapoteleza na kuanguka pana mastiki nene. Inama uangalie chini. Omba karatasi ya mnada. Ukiambiwa imepotea, ondoka.

Nililipeleka pendekezo hili kwenye kikao cha tawi. Nikaambiwa mafundi wa Buyenzi hawalipi ada, kwa hiyo kitabu cha risiti hakina fungu. Nimeomba lirudishwe kikao kijacho. Yule kijana naye bado yupo barabarani, anapaka kwa kompresa ya kuazima, na nusu ya malipo yake humwendea mwenye kompresa.