Nasaha Nyingi, Mwenzi Hakuna
Na Mwinyi Kombo

Katika zama zetu hizi, mtu akishikwa na sonona, jamaa zake humjia na nasaha zilizopangwa kama tasbihi: amka alfajiri, tembea, kula samaki na mboga, lala mapema. Nasaha hizo si batili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934, alitunga kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akabainisha kwamba viwili hivi vimefungamana, kimoja kikiugua na mwenziwe hudhurika. Naye akapambanua baina ya huzuni ijulikanayo sababu yake, kama ya mfiwa, na ile imzukiayo mtu pasipo sababu kujulikana, ambayo asili yake, alisema, imo mwilini, katika damu.

Basi sina ugomvi na dawa. Ugomvi wangu ni kwa kumwachia mgonjwa aitafute peke yake. Maradhi haya hupokonya kwanza nguvu ile ile ambayo nasaha zetu zaihitaji, na kumwambia mtu aliyeshindwa tangu asubuhi kunawa uso kwamba shifaa yake iko Forodhani, aifuate kwa miguu, ni kumtwika kazi ya tabibu, kisha asipoiweza tukamwita mvivu, ama, na hili ndilo ovu zaidi, mpungufu wa imani.

Mwaka wa 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 156 wa miaka 50 na zaidi, ambao baadhi yao walipewa dawa ya sertralini, wengine mazoezi, na wengine vyote viwili; na baada ya majuma 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu isiyopishana sana, ijapokuwa wameza dawa walitangulia kuiona. Wapendao kuitaja habari hii hupitiwa na jambo moja: wale wa mazoezi walikuwa na siku tatu kila juma, na wenzao, na msimamizi aliyewangoja. Huyo msimamizi, kwa rai yangu, alistahili kuhesabiwa miongoni mwa dawa.

Kwetu si lazima awe daktari. Shemeji aweza kubisha hodi baada ya alasiri, akasema, "Vaa viatu, twende sokoni," wala asimhoji njiani. Na asiyekuwa na hamu ya chakula akiwekwa penye sinia pamoja na wenziwe, huenda akatia tonge mbili. Lakini siku mgonjwa atakapotaja kujitoa roho, shemeji aache habari ya sokoni, ampeleke hospitali.