Kotama Haitaki Shanga

Nina ugomvi na nyinyi mnaoposti upanga wa Kijapani ndani ya ala ya mbao tupu, bila rangi wala nakshi, halafu chini mnaandika "heshima". Ala hiyo inaitwa shirasaya. Kwenye filamu watu hupigana nayo, lakini huo ni uongo: mpini wake hauna hata kinga ya mkono. Ni nguo ya kulalia. Mbao laini, vipande viwili vimegandishwa kwa gundi ya wali, ili ala ikichafuka ndani ipasuliwe, isafishwe, igandishwe tena.

Haya, njooni Msambweni. Babu yangu ni mgema. Anapanda mnazi asubuhi, adhuhuri na jioni, anakata karara kipande chembamba kama karatasi. Kotama ikiwa butu, kazi imeharibika. Kwa hiyo anaitunza kwenye ala ya vipande viwili vya mbao, amevifunga kwa kamba. Ikiingia uchafu anafungua, anakung'uta, anafunga. Akili ni ile ile. Lakini hii mnaiita kisu cha walevi.

Kwetu Kwale chuma kimeachiwa sura mbili. Moja ni ya habari. Tangu Agosti 13, 1997, wavamizi waliposhambulia kituo cha polisi cha Likoni, mtu mwenye panga anatazamwa kwa jicho baya hata akitoka shamba. Babu mwenyewe aliwahi kusimamishwa njiani akanyang'anywa kotama. Siku tatu minazi haikugemwa, na nyumbani tulijua kwa sufuria.

Sura ya pili iko ufuoni Diani: simi kwenye ala nyekundu, shanga juu, mtalii akatundike ukutani kwake. Huku muuaji, kule pambo. Mfanyakazi yuko wapi?

Mtasema ule wa Kijapani ni sanaa, hii ya babu ni kifaa tu. Sawa. Lakini Japani nako serikali ilipiga marufuku raia kutembea na upanga mwaka 1876. Ule umebaki kutunzwa. Kotama bado inalisha watu. Ama mnangoja ikose kazi kwanza ndio muiheshimu?

Siombi iwekwe makumbusho. Mkimwona mzee njiani na kotama kwenye ala yake ya mbao, jueni anaenda kazini. Mpisheni.