KIPIMA KINA SI UBAO



Mwenzetu mmoja amekatwa mshahara kwa ajili ya mkebe wa rangi ambao hakuununua wala hakuuchagua, bali aliamriwa autumie. Jambo hili limetuchoma moyo, na sisi hatutanyamaza.

Wengine watauliza: watu wa reli wana nini na mashua za matanga? Tunawajibu hivi. Mpaka mwaka 1969 reli na bandari za Afrika Mashariki zilikuwa nyumba moja, chini ya shirika moja. Na Januari 1947, hapa Mombasa, wafanyakazi wa reli na wa gati waligoma pamoja. Tena leo, kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi, baadhi yetu huenda siku za mapumziko kufanya kibarua katika karakana za mashua. Njaa haiulizi kama kazi ni ya nchi kavu au ya baharini.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika karakana moja ya Pwani mashua ya tajiri ilipandishwa juu ipakwe rangi ya sumu, ile izuiayo chaza na mwani kushika chini ya chombo. Wazee wa majahazi walipaka deheni ya shahamu na chokaa. Siku hizi ni rangi yenye shaba. Sasa, katika tumbo la mashua ile kulikuwa na kifaa kidogo cha duara kilichochomoza kupita mbao. Hicho ndicho kipima kina, yaani bildi ya siku hizi. Mwenzetu alisimamisha brashi akamwuliza nyapara, "Na hiki je?" Akajibiwa, "Paka yote, tajiri anangoja maji yajae." Basi akapaka kwa rangi ile ile nzito, mara tatu, kama alivyopaka mbao.

Wiki ile ile mashua ikapanda fungu la mchanga maji yakipwa. Kipima kina kilikuwa kikionyesha vistari vitupu badala ya tarakimu. Hakuna aliyeumia, lakini usukani ulipinda. Nani akalipa? Si nyapara, wala si mwenye karakana. Alilipa yule aliyeuliza!

Sasa sikilizeni, maana jambo hili halina uchawi. Kila mtu wa reli amesikia habari za yule mzee wa nyundo aliyepita kando ya mabehewa akigonga magurudumu. Gurudumu zima lililia kama kengele, na lenye ufa lilitoa sauti mbovu. Je, ungeifunga nyundo yake kwa blanketi, angesikia nini? Kipima kina nacho hufanya kazi kwa sauti. Hutuma mlio ambao sikio la mtu haliusikii, mlio huenda chini, hugonga mchanga au mwamba, nao hurudi. Sauti katika maji ya bahari huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde moja. Kifaa huhesabu muda wa kwenda na kurudi, hugawanya kwa mbili, na hapo nahodha hupata kina chake. Rangi nzito iliyojaa shaba na mapovu ya hewa ni lile blanketi. Mlio hufifia kabla haujatoka, na mwangwi hufia mlangoni.

Lakini wasije wakatuambia, basi kiacheni bila rangi. Hapana. Kifaa kisipopakwa huota chaza, nao chaza ni blanketi vile vile. Dawa yake ni kukipaka kwa rangi yake: rangi nyembamba ya sumu iliyochanganywa kwa maji, itengenezwayo kwa vifaa hivi. Rangi zenye thina kali, zile za jamaa ya asetoni, hulainisha plastiki ya uso wa kifaa na kukiharibu kabisa. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Osha kwa sabuni laini na maji. Sugua polepole kwa msasa laini wenye maji, usikwangue kwa kisu. Paka kwa brashi, si kwa bomba la kupulizia, maana bomba huingiza hewa. Tabaka liwe jembamba, likauke, kisha ongeza jingine kama mkebe unavyoagiza, basi. Na kile kigurudumu kidogo cha kupimia mwendo, ukikipaka, hakikisha kinazunguka bado.

Mkebe mdogo wa rangi hiyo ungetosha. Haukununuliwa. Ndipo tunapouliza: kosa ni la mkono ulioshika brashi, au ni la mfuko uliokataa kufunguliwa?

Sheria iko wazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. La makusudi! Mtu aliyeuliza, akaamriwa, akatii, makusudi yake yako wapi?

Tena kuna jambo la mwili. Mwenzetu alipaka sumu ile mikono mitupu, na kitambaa cha shati puani. Rangi hizi si maziwa. Huko Arcachon, Ufaransa, rangi zenye sumu ya bati ziliharibu chaza hata maganda yao yakapotoka, na mwaka 1982 serikali ikazipiga marufuku kwa mashua ndogo. Mkataba wa mataifa wa kuzikomesha ulifanywa 2001, ukaanza kutumika 2008. Shaba ya leo si sumu ile, lakini nayo huwekwa humo ili iue. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri atoe nguo na vifaa vya kujikinga. Shati la kibarua si kifaa cha kujikinga.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Mwenzetu arudishiwe pesa zake zote.
2. Kabla ya kazi kuanza, nyapara aonyeshe kila kifaa kilicho chini ya chombo, na rangi yake iwepo.
3. Amri ya kupaka iandikwe na kutiwa sahihi, ili kosa likitokea lijulikane baba yake.
4. Glavu, miwani na barakoa zitolewe na mwajiri, si kwa mkopo.

Nasi pia tujisute kidogo. Wako miongoni mwetu wanaojua haya na hunyamaza, wakisema mashua si yangu. Ndugu, huo ni ujinga. Mwenye mashua hulala kabini na watoto wake, naye baharia wa kuajiriwa, mwana wa maskini kama sisi, husimama usukani usiku akiiamini tarakimu ile. Fundi asiyejali humwuza mwenzake. Ukiamriwa kupaka vibaya, uliza mara ya pili, uliza mbele ya shahidi, kisha uje utuambie.

Aliyeuliza asiadhibiwe, na aliyeamuru asijifiche. Umoja ni nguvu.

Sisi Wafanyakazi wa Reli, Pwani