Fidla ya Ridhaa: Kwani Lazima Ilipe?

Wadau, kuna swali ninaloulizwa karibu kila wiki: "Hiyo fidla itakulipa nini?" Wananiuliza kazini, wananiuliza kwenye daladala wakiona boksi lake mapajani, na juzi hata shangazi kauliza. Mtu ana miaka 31, ni mwandishi wa habari, hajawahi kupiga hata filimbi, halafu kila Jumamosi anakwenda kufundishwa kushika upinde. Anatoa albamu? Hapana. Anaunda bendi? Hapana. Sasa?

Jibu langu ni fupi: hainilipi, na si lazima inilipe.

Tusidanganyane, fidla haimbembelezi mtu mzima. Gitaa lina vyuma shingoni vinavyokuonyesha pa kubonyeza. Fidla ina nyuzi nne na shingo tupu. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imekwenda kombo, na wa kukuambia ni sikio lako. Mkono wa kulia nao una kesi yake: ukikandamiza upinde, uzi unakwaruza, ukiulegeza mno, sauti inakuwa ya kuazima. Jirani yangu alinishauri kwa upole nitie mafuta bawaba za mlango. Mlango ni mzima kabisa, jamani.

Lakini tuje kwenye hoja. Tunalo neno zuri sana: ridhaa. Tunalitumia kwenye ngumi na soka kwa mtu anayecheza kwa mapenzi, si kwa mshahara. Kwenye muziki tumelisahau. Kijana akishika chombo tu, tunamuuliza video inatoka lini.

Wazee wetu hawakuanza hivyo. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905 kama klabu, si kampuni. Hiyo, na baadaye Culture Musical Club, zimebebwa na wanachama ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha: mchana kazini, usiku mazoezini. Taarab tunayojivunia mbele ya wageni imejengwa na watu wa ridhaa.

Leo kwenye taarab ya kisasa kinanda kimoja kinashika nafasi ya safu nzima ya fidla. Simlaumu mtu, kwani kumlipa mpiga kinanda mmoja ni rahisi kuliko kuwalipa wapiga fidla watano. Ila hapo ndipo hesabu ya "itakulipa nini" inapotufikisha. Baadhi ya maqamu za Kiarabu zina sauti zinazokaa katikati ya funguo mbili za kinanda cha kawaida. Fidla inazifikia, kwa sababu ile shingo tupu inayomtesa mwanafunzi haina mipaka. Chombo kikiachiwa wanaolipwa peke yao, siku malipo yakikoma nacho kimekwisha.

Mtu mzima anayejifunza hata kama hatapanda jukwaani ana faida: anakuwa msikilizaji wa kweli. Mimi sasa nikisikiliza taarab ya zamani nasikia fidla zinavyomjibu mwimbaji, nasikia mahali upinde unapogeuka. Msikilizaji kama huyo ndiye atakayenunua tiketi, ndiye atakayedai fidla kwenye harusi ya mdogo wake.

Mtasema fidla ni ghali. Kweli. Lakini Wagogo wa Dodoma wanalo zeze, nalo hupigwa kwa upinde, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha kwenye majukwaa ya dunia. Na Mji Mkongwe, Zanzibar, tangu 2002 kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy kinachofundisha muziki wetu. Pa kuanzia papo.

Umri? Mwakani utakuwa umeongeza mwaka mmoja, uwe na fidla au usiwe nayo.

Naomba kutoa hoja.