KITANZI PEKEE SI USHAHIDI

Tarehe 5 Februari, 1982, Dk. Neil Aggett alikutwa akining'inia katika seli yake kwenye kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg. Daktari huyu na mtetezi wa wafanyakazi, mzaliwa wa Nanyuki, Kenya, alikuwa na umri wa miaka 28, na alikuwa amekaa kizuizini siku 70. Polisi wa usalama wa makaburu walisema amejinyonga. Mwaka huo huo hakimu akaamua kwamba hapana wa kulaumiwa. Ilipita miaka 40, hadi Machi, 2022, ndipo Jaji Motsamai Makume alipoutengua uamuzi huo na kutamka kwamba Aggett aliuawa na polisi hao.

Kujua kwamba mtu amekufa kwa kukosa pumzi ni jambo moja. Kujua kama alijiua, aliuawa au alipatwa na ajali ni jambo jingine kabisa. Ni kweli kwamba shingo husema. Kwa kawaida alama ya aliyening'inia hupanda mshazari kuelekea kwenye fundo, na ya aliyekabwa kwa kamba huizunguka shingo pasipo kupanda. Lakini haisemi ni mkono wa nani uliofunga kamba. Aliyezimia kwa mateso, akatundikwa angali hai, aweza kuonyesha alama zile zile za aliyejinyonga. Madoadoa ya damu machoni nayo hutokea katika vifo vya namna nyingi, na aliyezibwa pumzi kwa mto huenda asiwe na alama yoyote.

Kwa hiyo daktari hawezi kukata shauri kwa kutazama maiti tu. Anahitaji kuliona fundo lenyewe, nalo lisifunguliwe, bali kamba ikatwe mbali nalo. Anahitaji kujua kamba ilifungwa wapi, mwili una majeraha gani mengine, na marehemu alizipitishaje siku zake za mwisho. Aggett, saa chache kabla ya kufa, alikuwa ameandikisha maelezo kwamba alipigwa na kuteswa kwa umeme. Aliyeyaandika ni askari wa polisi.

Tunasema wazi kwamba mtu akifia mahabusu, walioshika funguo za seli wasiachiwe kueleza jinsi alivyokufa. Uchunguzi ufanywe na wengine, tena upesi. Luteni Stephan Whitehead, aliyeongoza mahojiano ya Aggett, alifariki mwaka 2019, kabla shauri halijaanza kusikilizwa upya.